Kidole Chini ya Leso

Watu wa Gachoka wanasema niliachwa na mwanamume ambaye hakujua hata miguu ya mchumba wake. Wanasema hivyo sokoni, wanasema hivyo ibada ikiisha, na binamu yangu Tabby, ambaye hajawahi kuficha kitu tangu azaliwe, ameniambia wanasema hivyo hata kwenye foleni ya kusaga unga kule posho mill. Waache waseme, midomo ni yao. Lakini wewe uliyeketi hapa kunisikiliza nitakueleza ilivyokuwa, na ukimaliza utaniambia kama mimi niliachwa.

Kiunga alikuja dukani kwetu Embu kutengeneza friji. Mimi nauza dawa za mifugo, na friji ya chanjo ilikuwa imeanza kutoa joto badala ya baridi. Alikuwa Mmeru mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyofungua skrubu huku yeye mwenyewe akinitazama. Nikamuuliza vidole hivyo alivifunza wapi.

"Niligawa karata miaka minne," akasema. "Kasino moja Nairobi. Nilivaa tai kila siku ya Mungu."

"Kumbe ulikula pesa za watu!"

"Mgawaji hachezi, dada. Mgawaji anasimama pale akiangalia wengine wakilia. Nilipochoka kuangalia, nikaja kutengeneza mafriji. Friji hailii."

Ningekuwa na akili ningemkimbia siku hiyo hiyo, maana kwetu nyumbani neno karata halitajwi karibu na chakula. Sikumkimbia. Nilimpikia chai.

Ikawa kila Jumapili baada ya kanisa anakuja kwangu Dallas, ule mtaa wa Embu, kwenye chumba changu kimoja, mlango ukiwa wazi ili majirani wakose la kusema. Mimi ndiye niliyemwomba anifundishe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaja na karata zimefungwa kwa mpira, na kikopo cha njahi, yale maharagwe meusi, kutoka kwa mama yake Meru. Mimi nikatoa ndengu za mama yangu kutoka Gachoka.

"Hapa hakuna shilingi," akasema. "Ndengu ni moja, njahi ni kumi. Ukifilisika tunapika."

"Sawa, mwalimu."

"Kila mtu anapata karata mbili za kuficha. Hizi tano zinakaa katikati, ni za wote. Kwanza nafunua tatu, halafu moja, halafu ya mwisho. Wewe unatafuta tano bora kwenye hizo saba."

"Bora ni gani?"

"Zinazofanana mbili, hiyo ni pea. Pea mbili zinaishinda moja, na tatu zinazofanana zinashinda pea mbili. Zikifuatana tano kama namba za nyumba, ni vizuri zaidi. Zikiwa tano za ua moja, kopa zote au shupaza zote, hapo unaweza kuanza kunifukuza kwangu."

"Na hii yenye taji?"

"Malkia. Juu yake kuna mfalme, na juu ya mfalme kuna esi, hii yenye alama moja tu."

"Mfalme anamshinda malkia? Aliyetunga hizi hajafika kwetu. Mama ndiye anashika ufunguo wa ghala."

Akacheka mpaka akaweka karata chini. Nilipenda kumchekesha, maana alicheka kwa taabu, kama mtu anayeomba ruhusa kwanza.

"Kila mzunguko," akaendelea, "unaweza kuongeza punje, unaweza kulipa kile mwenzako ameweka ili umwone, au unaweza kukunja."

"Kukunja ni nini?"

"Ni kukubali kwamba hii si yako. Unaweka karata zako chini kifudifudi, unasukuma mbali, unaacha mwenzako achukue kila kitu kilicho mezani."

Tukacheza. Nikapata tano mbili, nikaona dunia yote ni yangu, nikasukuma ndengu zangu zote katikati. Kiunga akazitazama karata zake kwa muda, akazilaza chini, akazisukuma. Nikapiga kigelegele peke yangu. Halafu nikanyoosha mkono nizifunue zake.

Akanishika mkono. "Hapana, Wanjira. Karata zilizokunjwa hazifunuliwi. Hiyo ni sheria. Aliyekunja ana haki ya siri yake."

"Sheria ya wapi? Hapa ni kwangu." Nikazifunua. Zilikuwa esi mbili. "Wewe! Ulikuwa unanishinda! Mbona ulikunja?"

Akaangalia mlangoni. "Ulikuwa na furaha sana na hizo tano zako."

Ndiyo siku niliyojua nimekwisha. Nikajifanya nakusanya ndengu zilizoanguka, kumbe nilikuwa nangoja moyo utulie.

Baadaye tulipozoeana alinifundisha kutishia, yaani kuongeza punje ukiwa huna chochote, uso ukiwa umetulia tuli ili mwenzako aogope. Nilishindwa kabisa. Kila nikijaribu, ananinasa.

"Unajuaje?" nikamuuliza siku moja kwa hasira. "Uso wangu umetulia!"

"Uso umetulia. Ni kidole gumba cha mguu wa kulia. Ukiwa na karata nzuri kinainuka kama kuku aliyesikia mlango wa ghala ukifunguliwa. Ukidanganya kinalala, kinakufa kabisa."

Nikaangalia chini. Kweli bwana, kidole kilikuwa kimelala kama maiti. Nikampiga bega.

"Na wewe? Yako ni ipi?"

"Tafuta. Kila mtu anayo. Siku utakayoijua yangu, utakuwa umehitimu."

Nilitafuta miezi minane. Nilitafuta machoni, shingoni, midomoni, mpaka nikasahau kilichonipeleka huko. Sikupata. Kitu pekee nilichogundua ni kwamba kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimechubuka kichwani, hakikubali rangi, na nilimtania kwamba mwanamume mzima anatembea kama mtoto wa nasari. Alisema ni barabara za Embu.

Sasa sikiliza habari ya kwetu. Babu yangu alikuwa na mashamba matatu, na lile zuri lilikuwa karibu na kijito. Alimpa amu yangu Mutegi. Mutegi akalicheza kwenye karata, jioni moja tu, na mwaka haukuisha akanywa dawa ya kupe. Babu alipokuwa anakufa aliita watoto wake wote kitandani, akaweka kirumi, yale maneno ya mwisho ya mzee ambayo huku Mbeere hakuna anayeyachezea. Alisema yeyote wa damu yake atakayemwingiza mcheza karata bomani, tumbo lake halitajaza nyumba. Shangazi yangu, Tata Marcella, aliolewa na mcheza karata wa huko Kiritiri mwaka uliofuata. Amezika watoto watatu, na sasa anaishi kwetu peke yake. Pasta anasema mambo hayo hayana nguvu kwa waliookoka. Sawa, lakini hata pasta mwenyewe hapiti kwenye lile shamba la Mutegi, anazunguka.

Tabby ndiye aliyetoboa habari ya kasino, akidhani anamsifu Kiunga. Baba akaniita chini ya paa la ghala, akakaa kwenye gunia, mimi nikasimama.

"Ni kweli alikuwa kwa mambo ya karata?"

"Alikuwa anagawa tu, Baba. Hajawahi kuweka hata shilingi moja."

"Na wewe amekufundisha?"

Nikainamisha kichwa. Baba yangu, Mzee Muchangi, si mtu wa kupiga kelele. Alishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Mama wa watu," akasema, kama anavyoniita tangu utotoni, "huyo kijana sina ubaya naye. Nimeuliza watu wa kwao, wanamsifu. Maneno si yangu, ni ya babu yako, na babu yako amelala. Ingekuwa ni mimi niliyeyasema ningeyameza leo mbele yako. Utarudishaje maneno ya mtu aliyelala?"

Afadhali angenitukana.

Jumapili iliyofuata nilimweleza Kiunga kila kitu. Alikuwa ameshagawa karata lakini hakuna aliyezigusa. Mvua ilikuwa inanyesha, na kwa mara ya kwanza tulifunga mlango.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Mimi? Mimi nimeokoka. Siogopi kirumi hata kidogo. Tutaoana, tutazaa watoto watano, wote watakuwa na vidole virefu kama vyako."

Hakuniangalia usoni. Aliangalia sakafuni, akaangalia muda mrefu, mpaka nikaficha miguu chini ya kiti.

"Sawa," akasema polepole. "Tutakuja Agosti."

Akakusanya karata bila kucheza. Nilidhani ni baridi.

Agosti wakaja, wazee wa Meru kumi na wawili pamoja na wamama wao, na asali kwenye ndoo kama ilivyo desturi yao. Wajomba zangu walikuwa wamemkalisha Baba chini siku tatu wakimwambia huwezi kufukuza wageni waliobeba asali. Alikubali, lakini kabla ya ule mchezo wa kumtafuta bibi harusi alisimama katikati ya uwanja.

Unaujua mchezo wenyewe. Msichana anafichwa katikati ya wenzake, wote wamefunikwa leso kutoka kichwani, na bwana harusi anaambiwa achague. Akikosea watu wanacheka, anatozwa mbuzi, anarudia. Hakuna aliyewahi kukosa mke kwa ajili ya leso.

"Kijana wa Meru," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Hapa kwangu kuna neno la marehemu, wewe unalijua. Ukimpata binti yangu, mchukue, sitakuzuia, lakini neno hilo sina uwezo wa kulitoa njiani kwenu. Ukimkosa, hakuna mbuzi na hakuna kurudia. Utakula, utakunywa, utaenda nyumbani kwa amani."

Wamama wakaguna. Mjomba wake Kiunga akataka kusimama, Kiunga akamshika koti.

"Nimekubali, Mzee."

Mimi nilikuwa nasikia yote kupitia dirisha la jikoni, na unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilimkumbatia Tabby nikamwambia, "Baba amejifunga mwenyewe. Huyu atanijua hata akifungwa macho!"

"Wewe msichana, tulia," Tabby akasema. "Hata mimi siwezi kukujua ndani ya hizo leso."

"Hujui kitu, Tabby."

Tata Marcella ndiye aliyetufunika. Tulikuwa watano, sote bila viatu, na alikuwa ametupaka vumbi miguuni ili rangi ya kucha isinifichue. Aliponifikia alishika mashavu yangu kabla ya kushusha leso.

"Wanjira wangu. Hata sasa unaweza kukataa."

"Tata, nampenda."

"Najua. Hata mimi nilimpenda wangu." Akanifunika.

Ndani ya leso kuna joto na harufu ya sanduku. Huoni kitu isipokuwa kipande kidogo cha ardhi mbele ya miguu yako. Tulipangwa uwanjani, Tabby kulia kwangu. Nikasikia wamama wakiimba, halafu wakanyamaza, halafu nikasikia hatua. Alisimama kwa wa kwanza. Akaja kwa wa pili, akapita. Wa tatu nilikuwa mimi.

Viatu vyake vikaingia kwenye kile kipande changu cha ardhi. Alikuwa amevipiga rangi vizuri sana, hata kile cha kushoto. Na kidole changu kikainuka. Nakuapia sikukiinua mimi, kiliinuka chenyewe, kikasimama pale vumbini kikimwambia Kiunga kila kitu ambacho mdomo wangu haukuruhusiwa kusema.

Viatu vikatulia. Nikangoja mkono wake begani.

Ndipo nikaona. Kiatu cha kulia kiliinuka taratibu, kikapanda juu ya kile cha kushoto, kikamkanyaga mwenzake kichwani, kikakaa hapo. Kilikanyaga pale pale palipochubuka. Miezi minane nilikuwa nikitafuta usoni, wala sikuwahi kuinama kuangalia chini ya meza. Ile ndiyo yake. Ndivyo alivyofanya kila alipokuwa na karata ambazo hakuna wa kuzishinda.

Ameniona, nikasema moyoni. Asante Mungu, ameniona.

Kiatu cha kulia kikashuka. Rangi ya kile cha kushoto ilikuwa imetoka tayari. Viatu vyote viwili vikageuka, vikaondoka kwenye kipande changu cha ardhi, na nikasikia Tabby akipiga yowe kando yangu.

"Ai! Si mimi! Jamani, mimi ni Tabby!"

Watu wakacheka, si unajua watu. Mama mmoja akaanza kudai mbuzi kwa mazoea. Halafu wakakumbuka, na kicheko kikafa kidogo kidogo mpaka nikasikia kuku. Nilivua leso. Kiunga alikuwa ameshampa Baba mkono na alikuwa anatembea kuelekea lango la miti, mgongo umenyooka, na mjomba wake akimfuata akiuliza, "Kiunga, ni nini? Ni nini hii?"

Nilikimbia bila viatu. Tata Marcella aliita jina langu mara moja tu, halafu akaacha.

Nilimpata nje ya lango, chini ya ile miti ya mikungugu. Mjomba wake aliponiona akasogea mbali, akajifanya anapiga simu.

"Uliniona," nikamwambia.

"Wanjira, rudi ndani. Jua ni kali."

"Uliniona, Kiunga!"

"Karata zilizokunjwa hazifunuliwi."

"Hiyo ni sheria ya mezani! Hapa hakuna meza. Mguu wako ulipanda juu ya mwenzake. Niliuona."

Aliangalia viatu vyake. Akaona pale palipotoka rangi, na akatabasamu tabasamu moja fupi ambalo mpaka leo linanitoa usingizini.

"Basi umehitimu," akasema.

"Sikutaka kuhitimu. Nilitaka kuolewa."

Hapo uso wake, ule uso ambao haukuwahi kunionyesha kitu miezi yote minane, ukavunjika mbele yangu. Alifuta macho kwa mkono wa koti.

"Siku ile ya mvua uliniambia huogopi. Niliangalia chini, Wanjira. Kilikuwa kimelala."

"Naogopa! Ndiyo, naogopa! Nimemwona Tata Marcella maisha yangu yote, nitaachaje kuogopa? Lakini nilikuwa nakuja hivyo hivyo na hofu yangu."

"Najua. Nimekiona leo kikisimama. Nimejua unanitaka, na nimejua unaogopa, na ningekuchukua na vyote viwili. Lakini mtoto akipata homa ungenitazama. Akikohoa tu, ungenitazama. Hungesema neno, wewe si mtu wa kulaumu, ungeniangalia tu. Na mimi ningeona, kwa sababu mimi huona kila kitu. Ningeishije?"

"Na pengine hakuna mtoto angeugua."

"Pengine."

"Sasa mbona ukunje kwa sababu ya pengine? Ulikuwa na esi mbili, Kiunga! Esi mbili!"

"Nilikuwa nazo," akasema. "Acha niseme nilikuwa nazo."

Nilimshika mkono, vile vidole. Nilitaka anishawishi au nimshawishi, mmoja wetu aseme jambo la kutosha, lakini tulisimama tu tukilia kama watoto waliopotelea sokoni, mpaka mjomba wake akakohoa kule mbali. Kiunga akavitoa vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, kama alivyokuwa akigawa.

"Waambie sikukujua," akasema. "Itakuwa rahisi kwa Mzee. Akijua nilikujua atabeba mzigo ambao si wake."

"Watakuita mjinga."

"Nimeitwa mabaya zaidi nikiwa na tai."

Akaenda. Sikumtazama akifika barabarani, nilitazama alama za viatu vyake vumbini mpaka mbuzi wa jirani wakazipita.

Nilirudi Dallas Jumatatu. Ndengu na njahi bado ziko kwenye kikopo kimoja, zimechanganyika, na nimeshindwa kuzipika na nimeshindwa kuzitenganisha. Friji ya dukani haijaharibika tena. Alitengeneza vizuri sana.

Desemba nilienda nyumbani kuvuna ndengu. Siku ya pili jioni Baba alikuja akakaa kando yangu pale nilipokuwa napeta, akachukua konzi ya ndengu, akawa anaziangusha mkononi moja moja. Amezeeka mwaka huu.

"Mama wa watu," akasema. "Kuna kitu kinanisumbua. Yule kijana alisimama mbele yako muda mrefu sana. Ni kweli hakukujua?"

Ungo ulikuwa mapajani mwangu na miguu yangu ilikuwa imenyooka mbele yake, wazi, bila viatu. Nilimwangalia Baba machoni, uso umetulia tuli.

"Hakunijua, Baba."

"Unasema kweli?"

"Kweli kabisa. Hakunijua hata kidogo."

Baba akashusha pumzi, akaniwekea mkono kichwani, akaenda kufungia mbuzi. Kidole changu kilikuwa kimelala pale vumbini kama maiti, na pale kwetu hapakuwa na mtu wa kukiangalia.